Amani Amepata Namba

Jumamosi jioni, Northfield

Namba amepewa Amani. Mimi ndiye niliyemleta kwenye timu hii ya futiboli ya Kimarekani, nikamfundisha kukimbia pembeni na kudaka mipira mirefu. Leo kocha ametupima wadakaji kwa mara ya mwisho kabla ya msimu, na nafasi moja iliyobaki amempa yeye.

Sikuangusha mpira hata mmoja. Lakini Amani aliruka juu ya beki, akadaka kwa mkono mmoja, nami nikajikuta napiga kelele, "Aisee!" Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kwenye basi alinishika bega. "Kaka yangu, bila weye singefika," akasema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

"Ni sawa tu, bro," nikamjibu, nikageukia dirishani.

Sasa hivi ameniandikia. Anaomba kesho baada ya kanisa nimsaidie kufanya mazoezi ya kugeukia kushoto akikimbia, maana hapo hujikwaa. Ni kweli hujikwaa, ila kocha bado hajaona. Akijikwaa kwenye mechi ya kwanza, huenda namba ikawa yangu.

Nimeandika, "Nitakuja."

Bado sijautuma ujumbe.