Mita Mbili na Sentimita Kumi na Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Bango limesimikwa mbele ya kiwanja cha wifi. Mbao mbili, karatasi ndani ya nailoni. Jengo la ghorofa nne, nyumba kumi na mbili za kupangisha. Mwenye pingamizi aandike kabla ya tarehe 11. Kikao cha kusikiliza ni tarehe 12, ukumbi wa mipango miji.
Nimesoma mara mbili, nimenakili, nimerudi kwenye mashine nikashona zipu ya mteja juu chini!
Dirisha langu la kushonea linatazama mashariki, yaani kwake. Miaka kumi na tisa nashona uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi kwa jua la dirisha hilo. Ghorofa nne zikisimama pale, jua langu litafika saa sita mchana. Hapo mimi si fundi tena. Ni mtu mwenye mashine.
Kaka angekuwa hai huyu asingethubutu. Kiwanja Baba alikigawa kati ya kaka na mimi, hakumgawia yeye. Aliingia kwetu na begi moja lenye zipu mbovu. Na zipu nilimbadilishia mimi.

Jumanne, 4 Machi
Wifi kaja na ramani. Kaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya sketi ya mtu.
"Nimekuja kwako kwanza, wifi. Kabla ya mtu yeyote. Tazama hapa chini."
Nimetazama. Pembeni, ghorofa ya chini, kumeandikwa kwa kalamu: Chumba cha Mama. Hakina ngazi. Mlango mpana, choo humo humo.
Kasema magoti ya Mama yamekichoka kile kizingiti changu. Kizingiti changu! Chumba kile cha nyuma nilimjengea Mama mimi, mwaka wa sita sasa. Kiwanja nilikipima mwenyewe kwa utepe wangu, mita kumi na nane kama hati inavyosema, fundi akainua ukuta pale pale kidole changu kilipoishia. Wifi wakati huo alikuwa wapi? Alikuwa akichagua mapazia.
Nimemwambia chumba ni kizuri, aniachie ramani niisome vizuri. Kaniachia! Na kanishukuru.
Baada ya chai Mama kaniuliza kama chumba kipya kitakuwa na dirisha la kuona watu wanaopita. Nimemwambia kasikia vibaya.

Ijumaa, 7 Machi
Fotokopi ishirini. Kabla ya kutoa niliikunja ramani pembeni, mkunjo mmoja tu, safi, kama pindo. Chumba cha Mama hakikutokea. Kilichobaki ni ghorofa na madirisha, na madirisha yote yanatazama nyumba za watu.
Nimezunguka mtaa nyumba kwa nyumba. Kila mmoja nimempa hofu inayomkaa. Mwenye kisima nimemwambia kuhusu maji taka. Mwenye mabinti nimemwambia kuhusu wapangaji wanaume. Mstaafu wa reli, ambaye ana bafu la nje lisilo na paa, sikumwambia chochote. Nilitazama tu ghorofa ya nne kwenye karatasi, kisha nikatazama bafu lake. Kaelewa. Kasema yeye ndiye atakayekuwa msemaji wetu.
Sahihi kumi na saba. Nilitaka kumi na nane, namba nzuri, sawa na upana wa kiwanja changu. Nikamchukua Mama kidole gumba. Nilimwambia ni karatasi ya kliniki. Alijifuta wino kwenye khanga akaniuliza kama ni kwa ajili ya magoti. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Machi
Wifi yuko ibadani. Nimepima.
Fundi wake tayari amepigilia mambo za msingi, vile vigingi vya mti. Sheria inataka jengo liwe mita tatu kutoka mpakani, nimeisoma pale kwenye bango. Kwa kuwa ukuta wa Mama ndio mpaka, nimelaza utepe kutoka ukutani hadi kwenye mambo ya kwanza. Nimepima mara tatu na kuandika mara tatu. Mita mbili na sentimita kumi na tisa.
Mwizi! Sentimita themanini na moja nzima! Yeye na ibada zake!
Nimechora mchoro kwa rula na kuutia rangi. Sehemu aliyoiba nimeipaka nyekundu. Sijawahi kufurahia kazi kiasi hiki tangu lile gauni la bibi harusi la mwaka juzi.

Jumatano, 12 Machi
Kikao. Ukumbi una feni mbili, moja inazunguka. Afisa mipango miji ni kijana mwembamba mwenye subira ya daktari wa meno. Wifi alikaa mbele peke yake, kwenye gauni la kijani. Nililishona mimi. Limemkaa vizuri mno, ndilo lililoniudhi.
Mstaafu alisema dakika ishirini. Kasema heshima ya mtaa, kasema maadili, mwisho kasema yeye hataki kuogeshwa na macho ya wapangaji. Watu wakacheka. Mwanamke mmoja nyuma akadakia, "Mzee, wakikuona mara moja watahama wenyewe!"
Kisha mimi. Nilisimama na mchoro wangu. Nikasema namba. Nikasema huyu ni mjane wa kaka yangu, inaniuma, lakini mwenye kuiba mpaka wa ndugu yake, wapangaji atawaibia nini? Nilikuwa nimeufanyia mazoezi mstari huo mbele ya kioo. Ulifika.
Wifi alikuwa akiandika namba.
Afisa akaanza kusoma majina ya wenye pingamizi. Alipofika kwa Mama, "kwa alama ya dole gumba", wifi aliacha kuandika. Akageuka. Hakunitazama mimi. Alitazama kiti kitupu karibu yangu, kana kwamba Mama angekuwa pale. Akatoa leso.
Nilihesabu: alilia kidogo, labda dakika moja. Nimerudi nyumbani kwa miguu nikiwa mwepesi.
Afisa atakuja kupima mwenyewe tarehe 18. Aje!

Jumanne, 18 Machi
Niandike kwa mpangilio.
Saa tatu na nusu afisa kafika na msaidizi wake, mwanamke wa makamo mwenye kofia. Utepe wao ni wa chuma, unalia ukivutwa. Wifi alikuwepo. Mstaafu alikuwepo. Nusu ya mtaa ilikuwepo, maana nilikuwa nimewaalika.
Walianzia kwenye jiwe la mpaka la upande wa magharibi, lile la Baba, wakavuta utepe kuja mashariki kupitia uani kwangu. Mita kumi. Kumi na tano. Walipofika ukuta wa chumba cha Mama afisa akaomba utepe upite ndani, mlango na dirisha viko mstari mmoja. Mama alikuwa ameketi kitandani. Utepe ukapita sakafuni. Mama akainua miguu kuupisha, kama anayepisha maji ya kudeki.
"Kumi na nane," akasema mwanamke wa kofia. Akaweka alama ya chaki.
Alama ilikuwa ndani. Chini ya kitanda!
Kutoka chaki hadi ukuta wa mashariki: sentimita sabini na mbili. Kutoka chaki hadi mambo ya wifi: mita tatu kamili.
Nikasema utepe wao una kasoro. Nilisema kwa sauti. Afisa, kwa upole ule ule wa kung'oa meno, akaniomba wangu. Akaulaza juu ya wa chuma. Mia na hamsini yangu ikaishia kwenye mia na hamsini na sita.
"Umevutika, dada," akasema. "Wa kitambaa huvutika. Una muda gani?"
Una miaka kumi na tisa. Nilielewa hapo hapo, na nilielewa kabla yao. Mwili naupima kwa utepe huu, kitambaa nakikata kwa utepe huu huu, nguo inamkaa mtu na kosa halionekani. Miaka yote hiyo hakuna nguo iliyorudi! Ardhi tu ndiyo haikukatwa kwa utepe wangu: hati iliandikwa kwa utepe mwingine.
Mama Pacha, mteja wangu wa tangu zamani, akapiga kelele: "Ina maana kile kiuno changu cha themanini…?"
Walicheka mpaka Mstaafu akashika ukuta. Ukuta wangu. Nami nilikuwa nimewaalika wote, mmoja mmoja.
Halikuishia hapo. Afisa akamuuliza Mama, kwa heshima, kama bado anashikilia pingamizi lake.
"Pingamizi gani, mwanangu?" Mama akauliza. "Mimi nangoja chumba changu. Kina dirisha?"
Afisa akamwonyesha karatasi yenye dole gumba. Mama hajui kusoma ila wino wake anaujua. Akaugusa kwa kidole kile kile.
"Hii si ya kliniki?"
Safari hii hakuna aliyecheka. Wifi alivua viatu, akaingia, akakaa kitandani karibu na Mama. Miguu ya wote wawili ikawa juu ya ile chaki.

Jumatano, 19 Machi
Mama hasemi nami. Nimempelekea chai, kaipokea kwa mikono miwili kama mgeni.
Nimeosha sakafu yake. Chaki haitoki.

Jumatatu, 24 Machi
Uamuzi. Pingamizi zote zimetupwa. Wifi ajenge.
Kuhusu chumba cha nyuma: kimeingia kwenye kiwanja cha jirani. Kivunjwe ndani ya siku kumi na nne, isipokuwa mwenye kiwanja akiridhia kwa maandishi kibaki. Afisa alimpa wifi fomu. Ukurasa mmoja, sahihi moja. Wifi akaikunja mara moja, pembeni. Mkunjo mmoja tu. Akanitazama akiikunja; ramani yake ilimrudia na mkunjo wangu.
Mstaafu alitoka naye bega kwa bega. Nilimsikia akimwambia siku zote alikuwa akisema mtaa unahitaji maendeleo, na kwamba ana mpwa anayetafuta nyumba ya ghorofa ya nne.
Yaani hata ghorofa kachagua!

Alhamisi, 27 Machi
Wateja wawili wamechukua vitambaa vyao bila kushonewa. Mmoja kasema amesafiri. Alikuwa amesimama mbele yangu!
Nimejaribu kumwandikia wifi. Mimi niliyeandikia watu kumi na saba pingamizi, kila mmoja na sababu zake, bila kufuta. Leo nimechana karatasi sita. "Wifi yangu mpendwa" ni uongo. "Kwako wifi" ni baridi. "Kwa mwenye kiwanja" ndiyo kweli, na sikuweza kuiandika.
Siku zimebaki kumi na moja. Fundi niliyemuuliza kasema ukuta ule hauwezi kusogezwa, paa zima litakuja chini. Kasema Mama aende wapi wakati wa kuvunja? Nikasema atalala kwangu, kwenye chumba cha mashine. Mama alikuwa mlangoni. Kasema hapana. Neno lake la kwanza tangu tarehe 18.

Jumamosi, 29 Machi
Asubuhi wifi kaja.
Nilidhani kaja kunitukana. Nilikuwa tayari, nilikuwa na majibu manne. Kaweka kitambaa mezani, mita nne, cha bluu, kizuri. Kasema anataka gauni la siku ya kuweka msingi.
"Hukuona fundi mwingine?" nikamuuliza.
"Mwingine atanipima ukweli," akasema. "Nipime kwa ule wa zamani, wifi. Ule ulikuwa unanipenda."
Nilikuwa nimenunua mpya. Uko ukutani, mweupe, unang'aa. Sikuugusa. Nimetoa wa zamani kwenye droo. Kainua mikono. Nimemzungushia kifuani na uso wangu ukafika karibu na mkoba wake. Fomu ilikuwa humo, imechungulia kwa pembe. Mkunjo ule. Pale pa sahihi palikuwa upande wa ndani.
Nikasema, wifi, kuhusu kile chumba.
"Kwanza gauni," akasema, mikono bado juu. "Likinikaa, nitasaini. Lisiponikaa utalirudia. Mimi sina haraka, nina kiwanja."
Nikamwambia gauni la namna hii ni siku tano.
"Nani aliyesema litanikaa mara ya kwanza?"
Siku zimebaki tisa. Tano mara moja, inatosha. Mara mbili, haitoshi. Naye kapiga hesabu hiyo kabla yangu, niliiona usoni. Nilipaswa kumchukia. Nilichofikiri ni kwamba amekuwa wa nyumba hii kweli kweli.
Kisha Mama kaingia na fimbo yake, kapita mbele yangu kama anayepita ukuta, kamwambia wifi ameshafunga nguo zake kwenye fundo, godoro ndilo zito. Haendi kungoja ghorofa. Anahamia nyumbani kwa wifi leo hii, fomu au si fomu.
Sikujua. Wifi naye, nadhani, hakujua ni leo. Alishusha mikono.
"Basi chumba nisaini cha nini, Mama?" akauliza.
Mama kasema hilo tuulizane wenyewe tunaojua kusoma.
Wamekwenda nyuma kuchukua godoro. Nawasikia, linakwama mlangoni, wanacheka, wifi anasema lizungushe, Mama anasema mlango huu aliupima nani? Wanacheka tena. Mkoba kauacha juu ya mashine yangu, wazi. Kalamu iko ndani ya fomu.
Sijaugusa.
Kifua 94. Urefu 118. Kiuno kasema anarudi nimpime.