Hapana Tatu na Kibali cha Ndege

Kinoo, Jumapili mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Ningekuwa mlangoni pako ungenisalimu "wakya", nami ningeitika "aa", kisha macho yako yangekwenda moja kwa moja kichwani pangu. Ndiyo maana nakuandikia kwanza. Kwenye simu wewe huuliza haraka nami hujibu haraka, na safari hii nilikujibu uongo. Goti lako linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka niliyoituma kwa basi ilifika? Na mvua imeshika huko, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kwa wengine?

Gazeti letu likikosea huchapisha masahihisho ukurasa wa pili. Haya ni yangu.

Jumanne uliona maandamano ya mjini kwenye televisheni, ukanipigia na kuuliza, "Walikugonga?" Nikasema hapana. Hiyo ni hapana ya kwanza.

Ukweli ni huu. Saa sita na nusu nilikuwa Moi Avenue na Wafula, mpiga picha wetu. Waandamanaji walikuwa wameketi barabarani wakiimba. Wanaume wa pikipiki wakaingia kutoka barabara za nyuma, wawili wawili, yule wa nyuma akiwa na rungu au mjeledi. Hawakuwa na sare, na hadi leo sijapata mtu wa kuniambia nani aliwatuma. Walipiga bila kuchagua. Mwanamke muuza ndizi alipigwa mgongoni akaangukia beseni lake. Mwanaume mwenye tai alivunjwa mkono mbele yangu. Niliusikia mfupa kabla sijamsikia yeye. Vioo vya duka la viatu vilimwagika mtaani, na watu wakakimbia juu yake, wengine wakiwa miguu mitupu. Mwanamume mmoja aliburutwa nyuma ya pikipiki kwa mkanda wa begi lake mpaka mkanda ukakatika. Nilikuwa nikiandika hilo la begi rungu liliponipata nyuma ya sikio la kulia.

Kilichofuata sikukiandika. Nilijikuta chini ya meza ya fundi viatu, mdomo umejaa vumbi na damu, Wafula akinizaba makofi.

"Amka, madam! Wee, usinifanyie hivyo!"

"Nimeanguka?"

"Umezima! Dakika mbili mzima. Nimeita jina yako mpaka huyu mzee ameanza kukuombea."

Fundi viatu akanikagua kama anayekagua soli. "Hii kichwa ni jiwe ya Ukambani," akasema. "Mwingine angekuwa ameenda."

Nilishonwa nyuzi saba katika kliniki ndogo karibu na Adams Arcade, na kabla ya saa kumi na moja nilikuwa nimetuma habari yangu.

Sasa la ndege ninazorusha siku nisipokuwa gazetini. Watu hudhani rubani akishafuzu amefuzu. Leseni hubaki, ni kweli, lakini kibali cha kurusha ndege ya injini moja si kama cheti cha ubatizo. Kina tarehe ya mwisho. Kabla haijafika ni lazima daktari akupime, kisha mtahini akae karibu nawe angani akutazame ukifanya mambo ya hatari kwa utaratibu. Tarehe yangu ni leo. Ikipita, narudi kufundishwa na kutahiniwa upya. Na wewe ulikuwa umeshawaambia kina mama wa kanisa kwamba Desemba nitakupitisha juu ya paa la kanisa lenu, na kofia umeshanunua.

Kwa hiyo Alhamisi nilivaa wigi nikaenda kwa daktari wa marubani, mtaani Hurlingham. Alinipima macho, moyo na mkojo, akafika kwenye maswali.

"Tangu mara ya mwisho, umeumia kichwa? Umepoteza fahamu?"

"Hapana."

"Sawa. Na hizi nywele nzuri umetoa wapi?"

"Adams."

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Duka la wigi liko milango mitatu kutoka pale niliposhonwa. Akapiga muhuri.

Ijumaa saa nne asubuhi nilipaa na Kapteni Barasa, mtahini. Ni mzee wa Bungoma, mkali, na huwaita marubani wote wa kike "mama". Visikilizio vya masikioni vilibana nyuzi zangu tangu tulipowasha injini. Tulipovuka milima ya Ngong nilihisi kitu cha moto kikishuka shingoni.

Akaniambia niikwamishe ndege. Unapunguza nguvu, unainua pua, mpaka mabawa yanashindwa kubeba. King'ora kinalia, ndege inatetemeka, kisha inaanguka. Kazi yako ni kusukuma usukani mbele papo hapo. Nimefanya hivyo mara nyingi kuliko nilivyopika ugali.

Ikaanguka. Bawa la kushoto lilitangulia, ardhi ikajaa kioo kizima, migunga ikaanza kuzunguka. Nilijua la kufanya, lakini mikono haikujua. Palikuwa na weupe tu mbele ya macho, na sauti.

"Sukuma! Mama, sukuma! Ebu toa mkono, ndege ni yangu!"

Aliusukuma usukani kwa nguvu hata mkanda ukanikata begani. Kalamu yake iliruka ikagonga paa. Kisha akaivuta ndege kutoka kwenye mbizi, na uzito ukanikandamiza kitini kama gunia la mahindi.

"Ulikuwa umeenda wapi?"

"Nilichelewa, Kapteni."

"Uko na shida?"

"Hapana."

Hesabu mwenyewe, Mwaitu. Wewe unaijua habari ya Petro kuliko mimi.

Nilirudia, ikatoka safi. Nilitua vizuri. Akazima injini, akaiokota kalamu yake chini ya kiti. "Ya kwanza ulisinzia, ya pili ilikuwa sawa. Hata mimi kuna siku mkono inachelewa. Leta kitabu nisaini."

Kitabu cha safari kilikuwa mapajani pangu, kimefunguliwa kwenye ukurasa wenyewe. Nikamtazama pale alipoketi. Ndicho kiti nilichokupangia wewe Desemba. Ningezima tena, ungekuwa umeketi hapo na kofia yako, na usingejua kusukuma.

Nikalivua wigi. Lilikuwa limegandana na damu, nikaling'oa, likatoka na nyuzi mbili.

Kapteni akainama kukitazama kidonda. "Nani amekufanyia hivi?"

"Jumanne, mjini. Sijui ni nani."

"Na ukazima?"

"Dakika mbili."

Akaipiga dashibodi ngumi, mshale wa dira ukacheza. "Niko na bibi! Niko na wajukuu! Niko na ng'ombe mbili ya maziwa! Ungewaambia nini, eh? Toka. Na hiyo paka yako ya kichwa, toka nayo."

Lakini ni yeye aliyenipeleka Hurlingham kwa gari lake, akiendesha kwa hasira njia nzima. Daktari aliposikia alichukua cheti chake, akakichana mbele yangu, akanituma kupigwa picha ya kichwa. Picha ilionyesha damu kidogo imevilia chini ya mfupa. Usishtuke. Hawanipasui. Walinilaza siku moja, na jana nilirudi nyumbani na amri ya kupumzika. Sitarusha ndege mpaka madaktari waridhike, na wamesema nisiwaulize ni lini. Kibali changu kinaisha leo, na ule ukurasa hauna saini. Utakuwa mwanzo tena, darasa, mwalimu, mtihani, pamoja na wanafunzi ninaowazidi umri mara mbili.

Nisalimie dada Mumbua, na umwambie asiuze mbuzi wa Krismasi, nitakuja kumla. Nisalimie mjomba katekista, naye asilifanye hili mahubiri. Kina mama wa kanisa waambie nitafika kwa basi la asubuhi kama watu wengine. Wakicheka, waache wacheke, na kofia ivae Jumapili, usiiweke sandukuni kuningoja.

Na lile swali lako la Jumanne, naomba jibu la kwanza ulifute. Ndiyo, Mwaitu. Walinigonga.

Binti yako,
Kavata