Kwa Bibi wa Kitabu cha Saba

Bibi,

Mwanangu Neema ameitikia "marahaba" sasa hivi. Nilikuwa nimeiamkia picha yako hapa ukutani, shikamoo ya kila asubuhi nikifika kazini, maana kwetu Tanga mtu mzima hapitwi kimya hata akiwa ndani ya fremu. Neema ana miaka mitatu, ukimsemesha Kiswahili anajibu Kiingereza, na jibu hilo la wazee sijawahi kumfundisha. Alikuwa ameipa picha mgongo, anachezea soksi. Nikamuuliza, "Nani kakwambia useme hivyo?" Akanionyesha kiti chako cha kuandikia. Hakina mtu. Mto wake umebonyea.

Nimeogopa, Bibi, lakini nimekaa nikuandikie.

Mjukuu wako Bi Ruthi, ninayemtunza hapa mjini Hopkins, ughaibuni, macho yamekwisha. Ndiye aliyenisimulia: ulivyoandika jikoni watoto wakilala, mhariri akasema mwanamke hawezi kuchekesha, nawe ukamtia huyo huyo kwenye riwaya yako ya kwanza, amenasa suruali kwenye kamba ya kuanikia nguo! Watu wakacheka vitabu sita. Kisha wakasema mzaha wako umezeeka, wakakataa kuchapa. Ukaandika cha saba kwa mkono, ukakifungia sandukuni.

Mimi niliishia darasa la saba. Nimemsomea Bi Ruthi hicho cha saba kwa sauti, neno kwa neno, naye akinionya, "Taratibu, binti, usiuvunje mzaha kiuno." Mara nyingine tulisikia mtu wa tatu akicheka kabla sijafika penye kichekesho. Mimi nywele zinasimama, yeye anatulia tu. "Bibi hakuwa na subira," anasema.

Leo Bi Ruthi anahamia nyumba ya wazee. Mpwa wake anatupa vitu, lori la taka liko mlangoni. Nimemwomba sanduku lako. Kasema, "Makaratasi haya nani atayasoma?" lakini ameenda kumuuliza Bi Ruthi, aliyekwisha kupandishwa garini. Nimelikalia sanduku nikiandika haya. Ndani nasikia karatasi zinafunuka moja moja, kama mtu anatafuta alipoishia.

Kwa heri, Bibi. Nikipewa, kitabu chako nitakinakili chote kwa mkono wangu na kuwapelekea wachapaji. Wakikataa nitapeleka kwa wengine. Neema atakua anakicheka, naahidi.

Mpwa ananiita toka uani. Bi Ruthi amekubali! Mpwa anasema nishuke na sanduku, tena nimwambie huyo bibi aliyesimama dirishani nyuma yangu ashuke naye, gari linaondoka.