Upande wa Kushoto Hauna Mtu

Dada Koku,

Shikamoo. Ulikuwa unaikataa, ukisema inakuzeesha, lakini leo huna pa kukimbilia. Ipokee.

Nimekaa kibanjani, chini ya migomba, mtoto amelala kwenye kitenge. Tulikuzika akiwa tumboni, sasa anakula ndizi za kuponda. Anaitwa Neema.

Tangu homa ikuchukue, skramu ya timu yetu ya taifa ya raga, pale mstari wa mbele unapoinama kusukumana na wenzao, imekuwa ya kuchekwa. Wa katikati yupo, wa kulia yupo, lakini kushoto ulipokuwa unasimama wewe hakuna mtu. Mechi ya juzi kocha alimtoa binti mmoja nyuma akamweka pale. Skramu ya kwanza tu shingo ikamkataa, akatoka analia. Benchi halikuwa na mwingine aliyefundishwa mstari wa mbele, basi refa akaamuru timu ziegemeane tu, zisisukumane. Nilikuwa natazama kwenye simu ya mume wangu. Sisi, dada, uliotuambia tusiombe mpira, tuwasukume wenzetu mpaka wauache wenyewe! Tukaegemeana kama walevi wa rubisi wanaoagana.

Kesho yake kocha akapiga simu. "Mama Neema, njoo kambini. Kushoto ni kwako."

Niliruka, dada. Niliruka kwa furaha na mwiko mkononi. Halafu nikakumbuka kwa nini pako wazi. Nikakaa chini, nikalia mpaka chakula kikaungua.

Kuna neno sikuwahi kukuambia. Miaka ile nakaa benchi, jezi yangu haina hata tope, nilikuwa naomba uteguke mguu. Kidogo tu, nami niingie. Mguu, dada, siyo... Mungu anajua sikuomba hili. Na wewe kila baada ya mazoezi unabaki na mimi, unanikandamiza mabega: "Mgongo ulale kama meza! Shingo ya kubebea mkungu unayo, kichwa ndicho kinakusumbua!" Ulikuwa unanifundisha kukaa mahali pako, na mimi moyoni nakuvunja mguu. Nisamehe. Sijui kama walio huko husamehe, lakini nisamehe.

Mama mkwe amesema mtoto nimwachie yeye. "Nenda kasukumane na watu," ananiambia, "huku unasukumana na masufuria bure." Nilicheka, kisha nikaona aibu kwamba nimecheka.

Nitakwenda. Ila sitakaa pale peke yangu kama ulivyokaa, unacheza na maumivu kwa sababu wa kukupokea ni mimi tu, na mimi nina mimba. Hapa Nyabiyonza kuna mabinti wawili wanapanda mlima na mizigo ya ndizi wala hawahemi. Jumapili baada ya ibada tulianza, nyuma ya shule, tunainama, tunashikana, tunaanguka, watu wanatucheka. Mmoja amenirudisha nyuma hatua nzima! Usiku mabega yaliuma nikafurahi, na furaha ile haikunichoma.

Nimewaambia waitamani nafasi yangu. Waseme mbele yangu, wala wasifiche. Siku mmoja wao akinizidi nguvu nitamvua jezi ya benchi mimi mwenyewe, nimvishe ya kuanzia, niko hai, namtazama.

Kwaheri, dada yangu. Nakuahidi, binti atakayekuja baada yangu ataingia mstari wa mbele bila kupitia msibani.

Mdogo wako,
Mama Neema