Mkono wa Kuniozesha

Itetemia,
Sanduku la Posta 62,
Tabora.
14 Machi, 1954

Mpendwa Baba Mdogo Abasi,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi kutoka kwa mwanao. Naomba barua hii ikukute huko Muheza ukiwa mzima, kifua kimepoa, na kile kikohozi cha vumbi la katani kimekuachia usingizi. Mama Mdogo Tatu hajambo? Na wadogo zangu? Nimesikia Mwajabu amefaulu kuingia darasa la tano. Mwambie dada yake wa Tabora alipiga kigelegele peke yake barabarani mpaka watu wakageuka kumtazama.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimenyesha vizuri, karanga zimeshika, na mahindi yamefika kifuani. Mama magoti yanamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umekuja kumzika. Jana kapalilia mpaka adhuhuri.

Habari kubwa ni kwamba naolewa. Anaitwa Masolwa, kwao ni Bukene, na ni fundi kwenye karakana ya reli hapa Tabora. Ni mtu wa swala, mpole, ila akianza kueleza habari za breki za mabehewa hujui atamaliza lini. Posa imeletwa. Mama amekubali, na mimi nilikuwa nimekubali kabla haijaletwa, usimwambie mtu. Ndoa tumeipanga Ijumaa ya tarehe 23 Aprili, ili mfungo utukute tumeshatulia.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikuandikie, nawe nisikilize kwa uvumilivu.

Baba alipofariki mwaka juzi ulimwandikia Bwana Thabit bin Humaidi wa nyumba kubwa kumshukuru kwa sanda na kwa mazishi. Mwishoni ukaandika: "Mwanne ni mtoto wenu, mimi niko mbali, mtamtazama." Najua ilikuwa heshima tu. Ndivyo sisi sote tunavyoiandikia nyumba ile tangu Babu Ngollo alipoletwa pale, mtoto mdogo, nyuma ya msafara wa pembe kutoka Manyema. Lakini Bwana Thabit aliitunza barua yako. Wazee wa Masolwa walipofika aliwaita barazani kwake, akawasomea maneno yako, akasema kwa hiyo mimi ni mtoto wa nyumba, na yeye ndiye atakayeniozesha kwa mkono wake kama baba yake alivyomwoza Mama. Atachinja ng'ombe, na karamu itakuwa uani kwake. Wazee wa Bukene wakashukuru sana, wakidhani wamepata ukwe na wakubwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la chai, nikaligeuza nikalirudisha jikoni.

Nilikasirika, Baba Mdogo. Nilikasirika hata nikaogopa hasira yangu, maana Bwana Thabit si mtu mbaya. Hajawahi kunitolea neno chafu. Mama yake, Bi Khole, ndiye aliyenifundisha juzuu ya Amma, na nilipougua surua alikaa kitandani kwangu siku nne. Ningalikuwa nimeonewa ningalijua la kusema. Sasa mtu anakutendea wema na wewe moyo unakuwaka, unaanzia wapi?

Hapa ndipo alipoingia mwalimu mwenzangu Tobias, na najua utacheka. Tobias ni Mkatoliki, alisoma falsafa seminarini miaka miwili kisha akatoka, anasema alitoka kwa sababu alipenda maswali kuliko utii, ila mimi nadhani alipenda pia chakula cha mama yake. Nilimweleza shida yangu ofisini tukisahihisha madaftari. Hakunipa shauri hata moja. Aliniambia nichukue jambo lenyewe, niliulize kwa nini, na kila jibu nitakalopata niliulize tena kwa nini, bila kuona haya, mpaka nifike mahali pasipo na jibu ila mazoea.

Nikafanya hivyo kwa kalamu. Kwa nini Bwana Thabit aniozeshe? Kwa sababu Babu alikuwa mtu wao. Kwa nini alikuwa mtu wao? Kwa sababu alinunuliwa Ujiji. Aliyemwuza alimpataje? Alimteka shambani kwa mama yake, Babu mwenyewe alikusimulieni. Basi chini kabisa ya haki ya kuniozesha yuko mtu aliyeiba mtoto. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini, nikaenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Nikajiambia, labda ni dini, na kama ni dini mimi nitanyamaza. Nikaenda kwa Sheikh anayesomesha pale karibu na soko. Akafungua kitabu, akanisomea taratibu: baba kwanza, kisha babu, kisha ndugu wa kiume, wakikosekana hao wote anakuja baba mdogo. Aliyemwacha huru mtumwa anafikiriwa damu ikishakwisha kabisa, na iwe kweli alimwacha huru. Mimi kaka sina, ila nina baba mdogo, yuko Muheza, ana kikohozi lakini yu hai!

Hata hivyo nilikwenda kumwuliza Bwana Thabit kwa adabu kama ipo karatasi ya kumwacha Babu huru. Akacheka kwa upole. Alisema, "Karatasi ya nini, mwanangu? Hakuna aliyemwacha. Serikali ilitangaza tu, na babu yako akabaki. Alikuwa mwenzetu." Basi hata kwa mlango huo hawezi kuingia. Desturi imevaa kanzu ya dini, na sisi miaka yote tumekuwa tukiisalimia kwa kuinama.

Tobias hakuniacha nifurahi. Akaniuliza, "Lakini Mwanne, mtu akikupa wema na wewe ukaukataa, huoni na wewe unamdhulumu?" Swali hilo lilinikaa siku tatu. Jibu langu ni hili, na nimeridhika nalo. Ng'ombe wake akimleta nitamshukuru na nyama nitakula. Ila kushika mkono wa Masolwa na kusema "nakuoza" ni kushuhudia mbele ya Mungu na watu kwamba binti huyu ametoka kwangu. Mimi sikutoka kwake. Hata akilisema kwa mapenzi, halitakuwa kweli, na ndoa yangu sitaki ianze kwa neno lisilo kweli.

Nikwambie na la Idi iliyopita. Unajua sisi huingia nyumba kubwa kwa mlango wa uani, tunasaidia jikoni, kisha ndipo tunapewa mkono wa Idi. Safari hii nilipita mlango wa mbele, kwa miguu yangu, nimevaa viatu vya kazini. Wajukuu wawili wa Bwana Thabit, ambao nawafundisha hesabu, wakasimama wakasema, "Shikamoo, mwalimu." Bwana Thabit aliutazama mlango, akanitazama mimi, akaagiza niletewe kiti. Nikakaa, na moyo ulikuwa ukidunda kama wa mwizi. Mtu apate moyo wa mwizi kwa kukaa kitini tu!

Mama anaogopa. Ananiuliza, "Ukishawakata wale, siku nikifa nani ataniosha, nani ataniletea sanda?" Nilimjibu kwamba Itetemia nzima inamjua, na kwamba mimi nina mikono. Juzi nimemkuta anafua ile kanzu nyeupe ya marehemu Baba. Nikamwuliza ya nani. Akasema kwa ukali, bila kuinua uso, "Ya shemeji yangu. Atamwoza mtoto na kaptura ya shambani?"

Kwa Bi Khole nilikwenda mwenyewe, sikutaka asikie kwa watu. Macho yake hayaoni tena vizuri, alinijua kwa sauti. Nilimweleza yote. Alipapasa tasbihi, kisha akasema, "Na mkituacha nyinyi, sisi tutakuwa nani hapa Tabora?" Nilitegemea aniite mtovu wa shukrani, na hilo nilikuwa nimelipangia jibu. Kwa hili nikamwambia tu, "Majirani, Bibi." Hakulia wala hakukasirika. Aliniomba nimfunge ushungi vizuri, nikamfunga, nikatoka nikilia njia nzima.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. La kwanza, mwandikie Bwana Thabit barua ya heshima, umshukuru kwa yote aliyotufanyia, na umwambie kwamba maneno yale ya mwaka juzi yalikuwa salamu za msiba, na kwamba mwenye kumwoza binti wa kaka yako ni wewe. Sikulaumu kwa kuyaandika. Ningekuwa wewe, peke yangu ugenini na nimefiwa na kaka, ningeandika yale yale.

La pili, njoo. Ukipata ruhusa shambani njoo, hata ukifika Alhamisi jioni na kurudi Jumapili. Ukinyimwa, nimekutilia humu karatasi ya uwakala aliyoiandika Sheikh, umteue yeye akuwakilishe, utie jina mbele ya mashahidi wawili na uirudishe kwa posta. Lisipopatikana hata moja ndoa nitaiahirisha. Masolwa anajua na amesema atangoja. Mkono ule mwingine sitakubali, Baba Mdogo, hata nizeekee hapa.

Mama anakusalimu, na anasema umletee nazi. Masolwa anakuamkia. Tobias anakusalimu ingawa hamjuani. Nisalimie Mama Mdogo Tatu, Mwajabu na nduguze wote mmoja mmoja kwa majina yao.

Neno la mwisho. Bahasha nimeiandika Abasi Humaidi, kwa kuwa ndilo jina ambalo karani wa posta ya huko anakujua kwalo, nami sikutaka barua ipotee. Najua ulilichukua siku ya kuandikwa kazi, ulipoulizwa jina la pili na foleni ikiwa ndefu nyuma yako. Lakini kwenye karatasi ya uwakala nimeacha mstari mtupu, na jina hilo usiliweke pale. Baba Mdogo, andika jina la baba yako.

Mungu akulaze salama, akuamshe na nguvu, na njia akufungulie.

Ni mimi mwanao nikupendaye na ninayekungoja,

Mwanne binti Feruzi bin Ngollo