Santuri Iliyokimbia

Jumapili, 5 Machi 2017

Leo mkahawani kwa Mileva, sisi wa klabu ya santuri tumegombana vizuri. Watu kumi na mmoja, meza tatu zimeunganishwa, kila kiti kitupu kimekaliwa na santuri. Chanzo: Barua za Sombor, ile santuri ya mwimbaji Stamena Grujić ya mwaka 1974. Wachapishaji wameupata utepe wa asili, wakausafisha, wakaitoa upya. Mikwaruzo imekwisha, sawa. Lakini wameipunguzia mwendo! Wimbo wa kwanza ulikuwa dakika tatu na sekunde kumi, sasa ni tatu na kumi na sita. Sauti nayo imeshuka. Stamena anaimba kama mtu aliyekula sahani mbili za maharage.

Injinia Vukota, aliyefanya kazi redioni miaka thelathini na hajawahi kumnunulia mtu glasi ya rakia, pombe yetu ya matunda, anasema hii mpya ndiyo sahihi. Eti siku ya kukata santuri ile ya kwanza mashine ya utepe ilikuwa inakimbia, na hakuna aliyegundua. Ushahidi wake ni umeme. Chini ya wimbo kuna mvumo wa umeme, na umeme wa nchi hii huvuma kwa sauti moja miaka yote. Kwenye santuri ya zamani mvumo uko juu kuliko kawaida.

"Sikiliza jokofu la Mileva, mjomba," akaniambia, "halafu sikiliza santuri yako."

Nikamwambia sikutoka nyumbani kuja kusikiliza jokofu.

Kisha nikawapa hadithi yangu ya kijiji cha Kovilj. Wanaijua, lakini kulikuwa na mgeni mmoja, na hadithi hii hainichoshi. Mwaka 1985, harusi ya Kovilj, wageni mia sita. (Walikuwa mia mbili, ila hema lilikuwa dogo.) Mimi kwenye akodiani. Stamena mwenyewe amealikwa, ni shangazi wa bibi harusi. Akasimama, akaimba nami wimbo wa kwanza wa Barua. Na akodiani yangu inalingana na santuri ya zamani, hata ukucha haupiti, hilo wote wamelisikia. Akamaliza ubeti mmoja, machozi yakamzidi, akakaa. Sasa, kama santuri ilikuwa inakimbia, aliwezaje kuimba na akodiani inayolingana nayo?

Vukota akafuta miwani.

Imeamuliwa tuwaandikie wachapishaji waiondoe hii ya polepole. Shahidi wa kwanza: mimi.

Jumanne, 7 Machi

Zorka, katibu wetu, amenisomea barua kwenye simu. "Bwana Radiša Pavkov, mwanamuziki, anathibitisha." Mwanamuziki! Niliacha shule darasa la saba, hakuna aliyewahi kuniandika hivyo kwenye karatasi. Nimemwomba alisome tena lile neno. Nitasaini Jumapili.

Kitu kimoja sijawaambia, maana hawajauliza. Sauti ya akodiani yangu haikuzaliwa pale ilipo. Nilipoinunua sauti yake ilikuwa chini kuliko ya santuri, kidogo tu, lakini inauma sikio. Mtu mwingine angeikagua santuri. Mimi niliona kosa ni la akodiani. Mwaka 1983 nikaipeleka Subotica kwa fundi Imre, akazikwangua ndimi za chuma zinazotoa sauti kwa tupa, mmoja mmoja, zaidi ya mia tatu, mpaka zote zikapanda. Siku tisa. Aliniuliza, "Kijana, una hakika?" Nikasema nina hakika kuliko padri. Gavra wa klarineti, mwenzangu wa bendi, ikabidi akate kipande cha bomba lake ili anifikie. Alinitukana miaka kumi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimeinunua hiyo mpya. Mchana, peke yangu. Mpwa wangu Jasna anafundisha muziki, nikamwomba akodiani yake ya shuleni, ambayo haijaguswa na tupa ya mtu. Nikapiga pamoja na santuri.

Inakaa. Inakaa kama mguu kwenye soksi.

Nikarudisha sindano mara tano, labda nimekosea. Sijakosea. Na kuna jambo Vukota hakulisema. Ni pumzi. Kwenye hii mpya anavuta pumzi kama mtu, kabla ya kila mstari. Kwenye yangu alikuwa anatweta, nami nilidhani ni mapenzi. Yangu ni msichana. Huyu ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, amechoka kidogo, hana haraka.

Sikula chakula cha mchana.

Jumapili, 12 Machi

Barua ya kusaini iko mezani. Nimesema nimesahau miwani. Zorka akanipa yake. Nikasema hiyo ni ya kike, macho hayakubali. Walicheka, nikapona.

Ndipo Vukota akasema, polepole, kama anayeomba chumvi: "Kwani tunabishana nini? Yuko hai. Ana miaka themanini na mmoja, yuko Sombor. Aje atuambie."

Zorka akapiga simu palepale. Bibi amekubali, atakuja Jumapili kwa basi. Meza ikapiga makofi, wakanigeukia mimi. "Mjomba, sasa Kovilj tutaisikia kwa mdomo wa mwenyewe!" Nikawanunulia wote rakia, Vukota pia. Yangu nikaiacha mezani.

Jumatano, 15 Machi

Hapa hakuna anayesoma. Basi.

Kule Kovilj Stamena hakulia. Aliimba mpaka pale juu, kwenye neno "nirudishie", sauti ikakwama. Akajaribu tena. Akaniinamia akasema, "Shusha kidogo, mwanangu." Akodiani haishuki. Ukishazikwangua ndimi, ndiyo imetoka. Nikamwambia, mama, hapo ndipo santuri ilipo, hapo hapo. Akaniangalia kama mtu aliyeambiwa nyumba yake iko mtaa mwingine. Akasema mbele ya watu wote, "Basi, siwezi tena," akakaa. Meza ya nyuma wakacheka. Kufika majira ya mavuno mkoa mzima wa Bačka ulikuwa unasema Stamena kaisha, wimbo wake mwenyewe unamshinda. Sijasikia kwamba aliimba harusini tena.

Machozi niliyaweka mimi. Kwanza kwa ajili yake, ili wasicheke. Baadaye yalikuwa matamu, nikayaacha.

Lakini sikujua nilichomfanyia. Mpaka Ijumaa, nilipoisikia ile mpya, sikujua kwamba nilimpandishia wimbo juu ya koo lake.

Jumapili, 19 Machi

Niko ndani ya gari, nje ya kwa Mileva.

Amekuja. Fimbo, sweta ya kijivu, kanywa supu yote akapangusa bakuli kwa mkate. Zorka akaweka ya zamani. Bibi akasikiliza hadi mwisho.

"Nilikuwa naisikia hii redioni," akasema, "nasema, mtoto huyu anakimbizwa na nani?"

Wakacheka. Vukota akaweka mpya. Midomo ya bibi ikaanza kwenda yenyewe.

"Mama Stamena, ipi ni wewe?" Zorka akauliza.

"Masikio yangu mabovu, binti yangu. Koo ndilo linalojua. Nipeni akodiani, niimbe, muone litakapokaa."

Vichwa vyote kwangu. Bibi naye akanitazama.

"Wewe ni wa Kovilj."

"Ndiye mimi, mama."

"Bado unayo ile?"

"Ipo ndani ya gari."

"Haya, kailete. Safari hii nitajitahidi."

Nitajitahidi! Miaka thelathini na miwili anadhani kosa lilikuwa la koo lake.

Kwenye buti ziko akodiani mbili, yangu nyeusi na nyekundu ya Jasna. Asubuhi nilizipakia zote, nikajiambia nitaona. Nikiingia na nyeusi, barua inasainiwa, naye anakwama palepale, mbele ya watu, na watasema ni uzee. Nikiingia na nyekundu, ataimba. Kisha Vukota atauliza swali moja tu, kwa nini si akodiani yangu, na hana haja ya la pili.

Nimeifunga nyeusi ndani ya buti. Nyekundu iko mapajani. Mikanda ya Jasna ni mifupi kwangu, naisogeza tundu baada ya tundu.

Vukota ametoka, anagonga kioo. "Mjomba, bibi anasubiri. Na hiyo ni ya nani? Yako si nyeusi?"

Nimemwambia aingie, akae karibu na bibi, nakuja. Nina maneno ya kusema kabla hajaanza kuimba, na sijui yanaanzia wapi. Labda Subotica, kwa tupa ya Imre.