Chatu wa Marehemu Baba Mkwe na Joto la Safari

Shangazi Rosemary, shikamoo. Naomba msaada wako, tena wa haraka. Mimi naishi hapa Kishapu, nimeolewa kwenye ukoo wa Bayeye, wale wanaocheza ngoma na nyoka, na siku naingia hapa niliapa sitagusa chatu hata kwa fimbo, lakini mume wangu Otmar alipokwenda kutafuta dhahabu Nyarugusu aliniachia chatu wawili wa marehemu baba yake, na mdogo mdogo nikazoea kuwawekea maji na kufagia banda lao. Mwaka jana, jua likiwa kali na mvua hazijaanza, akapiga simu anamtaka mmoja kwa ajili ya ngoma huko machimboni, basi asubuhi ya safari nikamlisha kuku kama alivyoniagiza, maana kwao msafiri hatoki nyumbani na njaa, awe mtu awe nyoka, nikamtia kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko uliotobolewa, konda akaisukuma ndani ya buti, nami nikapanda basi. Tulipofika Kahama basi likaharibika, tukakaa juani mchana kutwa, na tulipofungua ile ndoo Nyarugusu, Shangazi, alikuwa amekufa, kuku amemtapika na manyoya yake, na harufu ile mpaka leo nikifumba macho inanijia.

Wakwe wakasema nimemuua makusudi kwa sababu tangu mwanzo nilikuwa nawachukia. Mama mkwe nikimwamkia ananyamaza, naondoka na shikamoo yangu mkononi. Sasa amebaki Kabula peke yake, chatu jike, na Otmar anamtaka naye, mwezi huu huu wa joto. Nilipomwambia naogopa akanijibu, "Unaogopa nini wewe? Mlishe ashibe, mfunge, mpakie." Konda naye kaniambia, "Mama, usitaje nyoka, mimi nitaandika mihogo." Jogoo nimeshamfunga kamba nyuma ya nyumba, na kila akiwika moyo unanilipuka. La ajabu ni kwamba Kabula mwenyewe simwogopi tena. Jana aliweka kichwa juu ya mkono wangu nami sikuutoa. Akifa huyu, ukoo mzima utaniita muuaji, na safari hii sijui kama nitaweza kukana. Nifanyeje?

Mama Serafina, Kishapu

MARAHABA, Mama Serafina. Pole sana. Kunyimwa marahaba ndani ya nyumba yako mwenyewe kunauma, na nimekuonea huruma kweli.

Lakini na wewe mama! Umemwona kwa macho yako yule kuku ndani ya ndoo, halafu umefunga jogoo mwingine kamba? Kabla ya kukujibu nilimuuliza daktari wa mifugo, akashika kichwa. Nyoka si shemeji anayerudi Mwanza hata umpakulie ndipo umsindikize. Akisafiri ameshiba, kisha joto likampiga, chakula kinamwozea tumboni, anatapika, na wengi wao hawaamki. Yule wa mwaka jana aliuawa na wema wenu pamoja na lile buti.

Kwa hiyo sikiliza. Kabula asile kitu wiki mbili kabla ya safari, maji tu apewe. Hiyo ndoo ifanye ya kufulia. Shona mashuka mawili ya pamba yawe mfuko mpana, mdomo wake uufunge vizuri, kisha mfuko uingie kwenye sanduku la mbao lenye matundu kila upande. Chupa ya maji ya baridi izungushie kitenge na uiweke pembeni isimguse, wala usimmwagie maji ukidhani unampoza.

Huyo konda wa mihogo achana naye kabisa. Mzigo wa kufichwa mahali pake ni kwenye buti, na kwenye buti hakuna anayesikia mtu akifa. Otmar aende kwanza ofisi ya maliasili aulize kibali, halafu aje mwenyewe na gari la kukodi. Mtoke alfajiri, sanduku likae ndani na nyinyi, kivulini, na Kahama msisimame kunywa chai mkamwacha kwenye gari lililofungwa. Hata hivyo, kama ni mimi, ningesubiri mvua zianze. Wachimbaji wanaweza kucheza ngoma nyingine mwezi huu. Otmar akifoka, mwache afoke. Anayeletewa lawama nyumbani ni wewe, si yeye.

Na ukurasa huu mpelekee mama mkwe, umsomee kwa sauti, ukianzia pale kwenye kuku. Asipoitikia, msomee tena.

Mwaka jana hukujua, kwa hiyo hukuua. Kuanzia leo unajua, na Kabula akitoka hapo na kuku tumboni hutakuwa na la kuwaambia wakwe zako, wala la kujiambia mwenyewe. Weka gazeti chini sasa hivi, nenda nyuma ya nyumba, ukamfungue huyo jogoo.